Vyumba Vyenye Mlango wa Kati

Maman Cécile alipokaribia kutimiza miaka sabini, akina mama wa Lubumbashi waliokuwa wakisali naye kule Auderghem, mtaa wa Brussels, walianza kumpangia sherehe kabla hajawaomba: ukumbi upi ukodiwe, kitambaa gani kishonwe sare, nani apike sombe ya majani ya muhogo. Yeye akawaacha wapange. Kisha Jumapili moja ya Januari, mwaka 2014, bukari, yaani ugali, ilipokwisha kuliwa na sahani kuondolewa mezani, aliwageukia watoto wake wawili, akajifuta midomo taratibu.

“Bon, munisikie. Mi sitaki fête. Fête ni kulisha bantu benye watarudi kwao kusema nyama ilikuwa kidogo. Mi nataka bahari. Nataka kupeleka bantu yangu kwa kisiwa ya Maurice, kwa hoteli ya bien, tuikale mbele ya maji kama bantu benye wamemaliza kuteseka.”

Watoto wake walikuwa Séraphin, wa kwanza, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magari cha Forest, na Mbombo, aliyeachana na mumewe akarudi kuishi kwa mama. Mtu wa nne wa familia hiyo alikuwa Graciella, mke wa Séraphin. Yeye alikuwa jikoni akimimina chai alipoitwa.

“Bibi ya Séraphin, kuya hapa.”

Kwa miaka kumi ya ndoa hilo ndilo lilikuwa jina lake mdomoni mwa mama mkwe. Kosa lake kila mtu alilijua bila kutajiwa: hakuwa amezaa. Maman Cécile hakuwahi kumtukana, na hilo aliwaambia watu mara kwa mara, kama anavyojisifu mtu asiyeiba. Alikuwa na njia nyingine. Kwenye ubatizo wa mtoto wa jirani alimpa Graciella kichanga ambebe, akamtazama kidogo, kisha akamnyang'anya polepole huku akiwaambia waliokuwa karibu, “Mikono yake haijue bado.” Watu wakacheka. Graciella naye akacheka, kwa kuwa angefanya nini.

Sasa alisimama mlangoni na birika mkononi.

“Weye njo unajua mambo ya safari,” Maman Cécile akamwambia. Ni kweli, Graciella alifanya kazi katika ofisi ndogo ya kuuza safari kule Ixelles, na watu wengi walirudi kwake kila mwaka. “Panga yote. Ndege, hoteli, chakula. Mi nakuachilia weye, mutoto wangu.”

Séraphin aliinua kichwa. Mbombo pia. Graciella alisimama palepale, na birika likaanza kumchoma vidole kabla hajakumbuka kuliweka chini.

Tangu siku hiyo Maman Cécile akawa anafika ofisini. Alikuja na koti lake zuri la kola ya manyoya, akakaa kwenye kiti cha wateja, akapandisha mkoba wake juu ya meza, na Graciella akamgeuzia kioo cha kompyuta. Wakatembea pamoja katika hoteli za pwani ya mashariki ya kisiwa cha Morisi, moja baada ya nyingine: mchanga mweupe kama unga wa ngano, paa za makuti zilizokatwa kwa ustadi kama nywele za mteja wa saluni, mabwawa ya kuogelea ambayo ukingo wake ulionekana kumwagikia baharini, vijana wenye nguo nyeupe waliobeba madafu kwenye sinia.

“Hii hapana. Hapa bantu beko uchi sana.”

“Na hii, Maman?”

“Maji yake iko mbali. Mi sitavuka dunia yote ili nitembee.”

Graciella akacheka, na mama mkwe akacheka naye. Ilikuwa mara ya kwanza wao kucheka kitu kimoja. Alimletea chai ya maziwa na kumwekea mto mgongoni. Maman Cécile naye akamsimulia ujana wake wa Kipushi, jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akirudi kutoka mgodini na vumbi katika kope, na jinsi alivyomposa kwa gunia la mikate. Mambo hayo hata Mbombo hakuwa ameyasikia. Siku moja walikwenda pamoja madukani kutafuta vazi la kuogelea la mama mtu mzima, lenye mikono na kisketi. Maman Cécile akalijaribu, akafungua pazia la chumba cha kuvalia, akauliza, “Mutoto wangu, nafanana na nini?” Graciella akamwambia anafanana na malkia. Alisema kwa moyo wake wote.

Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu haulizi chakula kimetoka wapi.

Ndipo Maman Cécile akaanza kuwa na matakwa mapya. Alitaka hoteli yenye bwawa la maji mafupi, yasiyozidi goti. Alitaka kujua kama jikoni wangeweza kupika chakula laini, kisicho na pilipili. Na siku moja ya Machi akasema anataka vyumba viwili vyenye mlango wa kati.

“Maman, vyumba vya mlango wa kati ni vya benye beko na batoto.”

“Njo hivyo nataka.”

“Lakini shiye hatuna mutoto.”

Maman Cécile aliweka mkono wake juu ya mkono wa Graciella. Ulikuwa mkono wa moto, mzito kwa pete. “Kwani weye unajua Mungu ataleta nini mbele ya juillet?” Safari ilikuwa imepangwa kuwa Julai.

Siku hiyo Graciella alilia ndani ya tramu, uso ameugeuzia dirishani. Aliamini mama mkwe anamwombea. Alirudi kwa daktari ambaye alikuwa amekwisha kumkatia tamaa, akaomba kuanza upya vipimo. Ijumaa akawa anafunga. Na nyumbani, Forest, alimweleza mumewe habari ya mlango wa kati. Séraphin alikuwa kwenye beseni akisugua mafuta ya kiwandani kutoka mikononi. Akaendelea kusugua.

“Acha mambo ya Maman,” akasema.

“Maman ananiombea, Séra.”

“Graciella. Nimesema uache.”

Mikono ilikuwa imetakata zamani, naye bado anaisugua. Graciella alidhani ni hofu ya mwanamume aliyechoka kungoja, akamwonea huruma.

Mwezi wa Mei ikafika siku ya kutoa majina. Ofisini palikuwa na wateja wawili wakingoja zamu, na mwenye ofisi, Donatien, Mrundi mmoja mpole, alikuwa meza ya pili akizungumza kwa simu. Maman Cécile aliingia na Mbombo. Alikaa, akapandisha mkoba mezani. Mbombo hakukaa, alisimama akitazama picha za ukutani kana kwamba ana mtihani juu yake.

“Andika,” alisema Maman Cécile. “Miye. Mbombo. Séraphin. Riziki. Na mutoto, Lina.”

Vidole vya Graciella viliandika mpaka Séraphin, vikasimama.

“Riziki ni nani?”

“Mama ya Lina.”

“Na Lina?”

“Mutoto ya Séraphin. Iko na cinq ans. Wanafanana mpaka kwa masikio.”

Alisema hayo kwa sauti ileile ambayo angetaja bei ya samaki. Donatien alikuwa amewageukia, simu bado iko sikioni. Graciella alitazama kioo cha kompyuta, ambapo picha ya vyumba viwili ilikuwa bado imefunguliwa, mlango wa kati ukiwa wazi, kitanda kidogo kikionekana upande wa pili.

“Na miye, Maman?” aliuliza, chini kwa chini.

“Weye iko na kazi. Juillet njo mwezi yenu ya kazi mingi, si ulisema mwenyewe?” Kisha Maman Cécile akainama mbele, akalainisha sauti, lakini hakuipunguza. “Na utafanya nini kule, mutoto wangu? Batoto watacheza mu maji, wazazi watabaangalia. Weye utaangalia nani?”

Mmoja wa wale wateja aliinamisha macho kwenye viatu vyake. Graciella alirudisha vidole kwenye kibodi.

“Vyumba viangalie bahari ao bustani?” akauliza.

“Bahari.”

Akaandika.

Jioni ile alimkuta Séraphin amekaa jikoni bila kuwasha taa, koti lake bado amelivaa. Mbombo alikuwa amempigia. Graciella akawasha taa, akakaa mbele yake.

“Mutoto ana miaka mitano,” akasema. “Miaka mitano ulikuwa unalala hapa.”

“Nilitaka kukuambia.”

“Lini?”

Séraphin aliliruka swali hilo. Alieleza mengine: kwamba Riziki alikuwa mtu wa Lubumbashi pia, kwamba anaishi Berchem-Sainte-Agathe na kusafisha maofisi, kwamba mambo yao yalikwisha kabla mtoto hajatambaa, kwamba alimpa mtoto jina lake kwa sababu ilibidi. Riziki alikuwa ameambiwa kwamba mke wa Séraphin alirudi Kongo, na ndoa imekufa. Nani alimwambia? Maman. Na safari hii? Maman. Yeye mwenyewe je, alitaka nini? Séraphin akafikiri, na Graciella aliona kwamba anafikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni ambako hakuwahi kuuweka.

“Mutoto hana kosa,” akasema mwishoni.

“Hapana,” Graciella akakubali. “Hana.”

Hakupiga kelele. Hakuondoka. Majirani waliosikia habari, maana Brussels ya Wakongo ni kijiji chenye tramu, walisema ana moyo wa chuma. Wengine walisema hana moyo kabisa. Asubuhi alikwenda kazini kama kawaida.

Juma lililofuata Mbombo alimletea nakala za pasipoti. Graciella alizipitia moja moja. Maman Cécile, Mbelgiji tangu zamani. Mbombo, Séraphin, vivyo hivyo. Lina alikuwa na pasipoti ya Kibelgiji, kwa jina la baba yake. Mashavu manono, macho ya kuchungulia. Riziki peke yake alikuwa na pasipoti ya Kongo. Pichani alikuwa mwembamba, nywele zimevutwa nyuma, sura ya mtu aliyeambiwa asitabasamu akatii. Chini ya picha ilikuwepo tarehe: pasipoti ingekufa mwezi wa Septemba.

Graciella alijua maana yake. Kwa safari ile kampuni ya ndege ilidai pasipoti yenye miezi sita mbele, si chini. Jambo hilo aliwaambia wateja wote, hata waliokwisha kusafiri mara ishirini. Alilisema kama padri anavyosema amina. Palikuwa na nafasi ya kutosha Riziki kwenda ubalozini na kuomba nyingine.

“Iko bien yote?” Mbombo aliuliza.

Graciella alirudisha karatasi ndani ya bahasha, akailamba, akaifunga.

“Iko bien yote.”

Baada ya hapo maisha yalimwendea kwa wepesi ambao hakuwa ameuzoea. Alimnyooshea Séraphin mashati ya likizo, moja baada ya jingine, kola kwanza. Alimnunulia mafuta ya kujikinga na jua. Maman Cécile alipompigia simu kuuliza kama huko watu huvaa viatu mezani, alimjibu kwa upole. Akiwa kwenye tramu alijichezea picha kichwani: mwanamke yule mwembamba mbele ya kaunta, mkono wa mhudumu ukimrudishia pasipoti, sura yake ikifunguka polepole kwa kuelewa. Aliirudia picha hiyo kama mtu anayenyonya pipi. Wakati mwingine mtoto alijipenyeza ndani ya picha, na Graciella akamtoa.

Siku ya safari aliomba ruhusa kazini, akaenda uwanja wa ndege wa Zaventem. Alijiambia anawapelekea karatasi za hoteli, ingawa alikuwa amekwisha kuzituma. Akasimama kando ya nguzo, mahali ambapo aliona kaunta na kaunta haikumwona.

Wakaja. Maman Cécile mbele, kofia ya majani kichwani. Mbombo na masanduku. Séraphin katika shati la maua ambalo yeye mwenyewe alilinyoosha. Na nyuma yao Riziki, mdogo kuliko pichani, akimshika mkono mtoto aliyekuwa tayari amevaa boya la kuogelea kiunoni, limejazwa upepo, akigonga nalo kila mtu aliyepita na kuomba radhi kwa kila mmoja.

Mhudumu wa kaunta alisoma pasipoti nne haraka. Ya tano aliisoma, akaisoma tena, akamwita mwenzake. Graciella aliona vichwa viwili vikiinama pamoja. Aliona Riziki akieleza, akitoa kadi yake ya ukaazi, akieleza tena. Aliona kichwa cha mhudumu kikikataa kwa adabu. Na sura ya Riziki ilifunguka kama alivyokuwa ameiwazia, lakini utamu alioungoja haukumfikia. Lilikuja jambo jingine haraka mno.

Maman Cécile hakubishana na mhudumu. Hakushangaa hata kidogo. Aliweka mkono begani mwa mtoto.

“Mutoto iko na passeport yake,” alisema, na sauti yake ilifika hadi kwenye nguzo. “Baba yake iko hapa. Twende.”

“Maman,” alisema Séraphin, “labda tungoje kidogo, tuone—”

“Tuone nini? Ndege itangoja? Mubebe.”

Riziki alikuwa amemkumbatia Lina sasa, akisema hapana, hapana, mutoto hajawahi kulala bila miye. Séraphin alisimama katikati yao. Graciella alimwona akimtazama mama yake, kisha mwanamke yule, kisha mama yake tena, kisha akainama na kumtoa mtoto mikononi mwa mama. Boya likanasa kati yao, likavutwa, likavuka. Lina alipoelewa, alipiga ukelele ambao ulisimamisha foleni za kaunta zote. Alimpiga baba yake usoni kwa ngumi zake ndogo, na Séraphin akaendelea kutembea kuelekea ukaguzi, shingo ameikunja kama mtu anayenyeshewa. Mbombo akafuata, akilia. Sanduku la mtoto lilibaki chini, miguuni pa Riziki, hakuna aliyelikumbuka.

Maman Cécile alikuwa wa mwisho. Badala ya kwenda moja kwa moja alikata kona, akaja mpaka kwenye nguzo, akasimama mbele ya Graciella. Alikuwa amejua muda wote kwamba yuko pale.

“Ile passeport,” alisema, akiweka kofia yake sawa. “Miye niliiona kwanza, mbele weye uione. Miaka yote sabini, unafikiri sijue kusoma date? Ningemukataza mama ya Lina kwenda, Séraphin angenichukia. Nikasema, wacha nione kama weye, bibi yake, utafungua kinywa.” Akampapasa shavu. “Umefanya muzuri.”

Akaenda zake, taratibu, kwa mwendo wa mtu aliye likizoni.

Graciella alibaki ameegemea nguzo. Chuki yake, ile aliyoilea kwa miezi miwili na kuiona kuwa kitu pekee katika nyumba ile ambacho kilikuwa chake mwenyewe, ilikuwa imetumika kama anavyotumika mtoto wa kutumwa dukani. Kule mbele Riziki alikuwa amekaa juu ya sanduku la mwanawe, simu sikioni, akipiga na kupiga. Hakuna aliyepokea. Graciella alijikuta anakwenda kwake.

“Madame,” alisema Riziki alipomwona amesimama karibu, kwa kuwa alihitaji kumwambia mtu yeyote, “wamemupeleka mutoto wangu. Nguo zake zote iko humu. Hakuna muntu aliniambia passeport yangu ni mbaya. Hata bale ba agence ya safari hawakuniambia.”

“Miye njo wa agence,” Graciella akajibu. “Nilijua.”

Riziki alimtazama bila kuelewa.

“Miye ni bibi ya Séraphin. Sikurudi Kongo. Niliona date, nikanyamaza.”

Alingoja kofi. Alingoja matusi, na angeyapokea yote kama dawa. Riziki alimtazama muda mrefu, kisha macho yake yakamwacha, kana kwamba alichokiona hakikustahili muda zaidi na yeye alikuwa na shughuli. Akasimama, akavuta sanduku, akaenda kukaa kwenye benchi la mbali, akaanza tena kupiga simu.

Graciella alipanda treni kurudi mjini. Alifungasha vitu vyake siku hiyo hiyo, na kabla juma halijaisha alikuwa amepata chumba kwa rafiki yake Hawa. Huko ndiko simu ya Mbombo ilikomkuta. Alikuwa anapiga kutoka Morisi, na nyuma yake upepo wa bahari ulikuwa unavuma.

“Belle-sœur, mutoto hakule. Analia usiku yote. Maman anasema atazoea. Anataka mlango wa katikati ufungwe na ufunguo, maana hawezi kulala na kelele. Ba hoteli banasema mpaka muntu mwenye alireserver vyumba aombe. Utawapigia?”

“Mupigie mama yake, umupe mutoto simu.”

“Maman amekataza.”

“Weye ni muntu muzima, Mbombo.”

Upepo ulivuma kwenye simu, na kwa mbali, labda mtoto, labda ndege wa baharini.

“Utawapigia hoteli?” Mbombo aliuliza tena.

Graciella alikata simu. Hakuipigia hoteli. Namba ya Riziki alikuwa nayo, pamoja na ya hoteli na ya chumba chenyewe. Angeweza kumuunganisha mama na mwanawe kwa dakika moja, jambo ambalo hakuna aliyemkataza. Alikaa ameishika simu mkononi. Alikumbuka macho ya Riziki yalivyomwacha pale uwanja wa ndege, akaogopa kuyasikia tena katika sauti. Hawa akamwita mezani, naye akaenda kula.

Walirudi mwisho wa mwezi. Riziki alikuwa Zaventem na polisi wawili wakati ndege inatua, na kesi ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Hakimu alimpa Séraphin Jumamosi mbili kwa mwezi za kukaa na mtoto, bila Maman Cécile kuwepo. Watu wanasema Lina huenda kwa baba yake akiwa amevaa koti, na halivui mpaka saa ya kurudishwa. Maman Cécile aliweka picha ya Morisi sebuleni Auderghem, kubwa, yenye fremu ya dhahabu: yeye na mtoto mbele ya maji. Mtoto hatazami kamera. Wageni wakiuliza anatazama nini, Maman Cécile huwaambia kwamba alikuwa anaangalia bahari, maana hakuwa amewahi kuiona tangu azaliwe.